Mkaza Mwana au Durga Mwenyewe? Uhakiki wa Utambuzi wa Wahusika Wenza katika Sanamu za Durga Puja huko Bengal

Katika sanamu za Durga Puja, Durga huzungukwa na miungu wanne wanaoaminika huko Bengal kuwa wanawe. Kila mmoja hutambulika kwa mnyama wake: Lakshmi kwa bundi, Saraswati kwa bata maji, Ganesha kwa panya na Kartikeya kwa tausi. Kando ya Ganesha huwekwa mgomba mchanga uliovishwa sari nyeupe yenye pindo jekundu. Watu wengi huuita Kola Bou, yaani bibi arusi wa mgomba, na kuudhania kuwa mke wa Ganesha.

Utambuzi huo hutegemea vigezo viwili tu: vazi na mahali. Uhakiki huu unaviona havitoshi. Mgomba huo hufungwa pamoja na mimea mingine minane, hukoshwa asubuhi ya Saptami, na kila mmea huwakilisha sura mojawapo ya Durga. Kwa hiyo, anayedhaniwa kuwa mkaza mwana ndiye Durga mwenyewe. Hoja yetu ni kwamba mtafiti anayechunguza sanamu bila kuchunguza ibada atahesabu miungu sita palipo na watano.