Asubuhi Isiyo na Haraka

Anayesimama ukingoni mwa Vugiri, pale safu ya Usambara Magharibi inapokatika na kuliachia bonde nafasi, huiona Korogwe chini yake: reli ya Tanga, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na mto Pangani unaokwenda zake baharini. Ng'ambo ya bonde ni Handeni, na nyika isiyo na mwisho. Ndege ndogo inayotoka Moshi kwenda Tanga hupita humo humo. Rubani huiweka milima ya Upare, kisha ya Usambara, mkono wake wa kushoto, akaifuata reli. Ikiwa ameruka chini chini, mtu wa Vugiri huweza kuyaona mabawa ya ndege hiyo kwa upande wa juu, jambo ambalo watu wengi hulijua kwa picha tu.

Kupita kwake huchukua dakika chache. Kazi iliyoifikisha pale ilianza alfajiri, kwenye nyasi zenye umande, mikononi mwa mtu ambaye siku za kazi huenda ni daktari, mkulima au mfanyabiashara. Huyo ndiye rubani binafsi, anayeruka bila mshahara na bila abiria wa tiketi. Wengi humwona kama tajiri anayechoma mafuta kwa kujifurahisha. Anastahili kutazamwa upya, kwa sababu sehemu kubwa ya ustadi wake haionekani angani. Imo katika asubuhi ndefu ya Jumamosi au Jumapili ambayo huitumia kuzunguka ndege, kutazama mawingu, kunywa chai na kungoja.

Katika viwanja vidogo vya nchi hii, siku huanza kwa mlinzi. Rubani kijana hufika jua halijachomoza, humwamkia mzee shikamoo, na akishaitikiwa marahaba mazungumzo huingia kazini moja kwa moja. Upepo wa usiku ulivuma kutoka wapi? Mvua imeacha madimbwi upande gani wa njia ya kurukia? Ng'ombe wameonekana? Ngiri je? Hakuna kifaa ndani ya ndege kinachoweza kujibu swali la ngiri.

Baada ya hapo ndege hufunguliwa kamba zake, na ukaguzi huanza. Mara nyingi ni Cessna 172, ndege ya viti vinne iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyofikia idadi hiyo. Rubani huizunguka yote kwa mpangilio ule ule kila siku, karatasi ya ukaguzi mkononi, ingawa ameshaihifadhi kichwani. Hupitisha kiganja kwenye ukingo wa pangaboi akitafuta pengo lililochongwa na kokoto. Huchezesha vipande vya mkiani na vya mabawani vinavyogeuza ndege, akisikiliza kama kuna kinachokwaruza. Huchungulia kitundu cha mrija unaopokea upepo kwa ajili ya kipima mwendo, maana nyigu wa nchi za joto hupenda kujenga humo, na udongo wao kidogo tu unatosha kukifanya kipimo hicho kidanganye.

Mafuta yana sura yake peke yake. Petroli ya ndege hizi, iitwayo 100LL, hutiwa rangi ya samawati ili isichanganywe na mafuta mengine. Usiku, hewa iliyomo katika tangi lisilojaa hupoa, unyevu wake hugeuka matone, na maji kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hutuama chini kabisa. Kwa hiyo rubani hukinga kiasi kidogo kutoka sehemu ya chini ya kila tangi katika kikombe cha plastiki, akakiinua kuelekea mwanga. Akiona tone linalobingirika chini ya samawati ile, humwaga na kukinga tena, na tena, mpaka kikombe kiwe safi. Anayefanya hivyo kwa pupa anaweza kuyakuta maji hayo injini ikizimika juu ya miti.

Kwa nini asubuhi? Jibu liko katika hewa yenyewe. Hewa baridi ni nzito, na bawa huishika vizuri. Ikipata joto hupanuka na kuwa nyepesi, na bawa, pangaboi na injini vyote hupungukiwa nguvu kwa pamoja. Uwanja wa Arusha, ulioko Kisongo, uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya marubani, joto la nyuzi 15 asubuhi huifanya ndege ipae kana kwamba uwanja uko mita 1,700 hivi. Likifika nyuzi 30 mchana, ni kana kwamba uwanja umepanda zaidi ya mita 2,200. Ndege ni ile ile, abiria ni wale wale, lakini njia iliyotosha asubuhi inaweza kuwa fupi saa nane.

Milima nayo huongeza yake. Bahari na Usambara haviko mbali, na upepo wa kusi unaotoka baharini na unyevu wake hupanda miteremko na kuifunika kwa mawingu. Unyevu huo huo ndio unaoistawisha chai ya huku. Msimu wa kaskazi, hewa inayovuka milima hushuka upande wa Korogwe na inaweza kuisukuma ndege ndogo chini kwa nguvu. Nahodha wa jahazi la Pangani na rubani wa Cessna ni wanafunzi wa mwalimu mmoja: wote wawili husoma kusi na kaskazi kabla ya kung'oa nanga, na wote wawili huheshimiwa zaidi na wenzao kwa safari walizoziahirisha. Tofauti ni kwamba rubani hana pa kutia nanga akishaondoka.

Bonde hili lilizijua ndege mapema. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliposhuka bonde la Pangani kuwafuata Wajerumani, hadi Korogwe na Handeni, lilikuwa na kikosi cha anga namba 26, chenye marubani wengi kutoka Afrika Kusini. Walitumia ndege za BE2c, za mbao na kitambaa. Zile zilikuwa ndege za vita. Urubani wa kiraia ulikuja baadaye, na ulianza kwa watu waliopenda kuruka: Klabu ya Anga ya Afrika Mashariki iliundwa Nairobi mwaka 1927. Mwaka 1929 mjane Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, rubani wake akiwa Tom Campbell Black. Uwanja wa Wilson, ambako ndege ndogo za Kenya zimejaa hadi leo, unabeba jina lake.

Kutoka kizazi hicho alitoka Beryl Markham, aliyekulia Kenya. Mnamo Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, na kuangukia kwenye tope la kisiwa cha Cape Breton, Kanada, baada ya saa zaidi ya 20. Alikuwa hai. Denys Finch Hatton, rubani mwingine wa Kenya ya enzi hizo, hakubahatika hivyo. Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi na ndege yake ya Gipsy Moth ikaanguka muda mfupi baadaye. Alikufa pamoja na Kamau, mtumishi wake. Voi iko upande wa pili tu wa milima hii, na marubani wanaopita karibu nayo wanakijua kisa hicho.

Tanzania ina kaburi lake la kukumbusha. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walijifunza kurusha ndege ili waweze kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Waliileta Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, na Michael, aliyekuwa peke yake, akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza kuhusu Serengeti ilishinda Oscar, na hesabu yao ya wanyama ilifungua njia ya sensa za angani zilizofuata.

Urubani wa watu binafsi umewahi kuzaa makubwa mengine. Daktari bingwa wa upasuaji Michael Wood, aliyekuwa na shamba chini ya Kilimanjaro, alikuwa rubani pia. Ni chini ya mlima huo ambako yeye na wapasuaji wenzake, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga huduma ya kuwapelekea matibabu watu wa mbali kwa ndege. Mwaka 1957 mpango huo ukawa taasisi tunayoijua leo kwa jina la Amref Health Africa. Rubani anayejua kutua kwenye nyasi Jumamosi kwa raha yake ndiye yule yule anayeweza kutua hapo Jumatatu kumchukua mama mjamzito.

Ukaguzi ukiisha, na ukungu ukiwa bado haujainuka, huja saa ya mazungumzo, yenye manufaa kama ukaguzi wenyewe. Marubani hukaa kivulini chini ya bawa, chupa ya chai katikati. Desturi hii iko duniani kote. Huko Marekani watu huruka hadi uwanja wa jirani kwa ajili ya kifungua kinywa tu, kisha hurudi. Mengi ya mazungumzo hayo ni habari za kukosea: aliyetua kwa kasi mno, aliyeingia wingu asilopaswa kuingia, aliyeendelea na safari kwa sababu ameahidi kufika. Wazee wa kazi husimulia makosa yao mbele ya vijana bila kuona haya, ili kijana asilazimike kuyarudia. Fani chache zina utamaduni wa namna hiyo, na fani nyingi zingefaidika kuuiga.

Saa mbili ukungu haujainuka. Wanamimina chai tena. Saa tatu mlima bado haujaonekana, na rubani huifunga ndege yake kamba na kurudi nyumbani. Hakuna anayemcheka. Siku ikiwa njema, huwasha injini, huijaribu kwenye mizunguko kama 1,700 kwa dakika, huzima kwa zamu magneto zake mbili, vifaa vinavyozipa plagi umeme, kwani kila silinda ina plagi mbili ili moja ikifa nyingine iendelee. Ndipo anapopaa, akijua kwamba lazima arudi chini kabla ya giza, kwa sababu viwanja vingi vidogo havina taa.

Ni kweli kwamba raha hii ni ghali, na wanaoipata ni wachache. Leseni ya rubani binafsi hudai, kwa kanuni za kimataifa, umri wa miaka 17, uchunguzi wa afya na saa 40 za kuruka, na kila saa ina bei yake. Lakini mlango umewahi kufunguliwa. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zake. Katika miaka hii ya 2020, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kimepata ndege zake za mafunzo.

Mtoto wa Vugiri anayeitazama ndege bondeni anaweza kuanza mapema kuliko hapo, na bila gharama kubwa. Walimu wa Korogwe na Handeni, uwanja wa Tanga hauko mbali kwa basi. Ombeni ruhusa, wapelekeni wanafunzi asubuhi ya Jumamosi, waone kikombe cha petroli kikiinuliwa kwenye mwanga na waulize kwa nini. Nanyi wenye ndege, watoto hao wakifika, wapeni nusu saa ya asubuhi yenu.