Kupima Ubora wa Pikipiki ya Zamani Iliyofufuliwa Nyumbani

Pikipiki ya zamani iliyofufuliwa nyumbani hupimwa kwa mambo mawili: kiasi cha chuma chake cha asili kilichookolewa, na namna kazi ilivyofanywa mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki. Mng'ao wa rangi ni jambo la tatu, tena la mbali. Kwa anayefanya kazi hiyo uani kwake Mlabani, Ifakara, jambo la pili lina uzito wa pekee, kwa sababu Bonde la Kilombero halivumilii kazi ya juujuu. Masika huleta maji na tope, kiangazi huleta vumbi laini linalopenya kila penye mwanya, na hewa yenye unyevu hurudisha kutu kwenye chuma kilichosuguliwa jana na kuachwa wazi.

Shirikisho la kimataifa la magari na pikipiki za kale, FIVA, huhesabu chombo kuwa cha kihistoria kikishatimiza miaka 30. Kwa kipimo hicho pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 zimekwisha kuingia kundini: Honda CG125 na XL125, Yamaha DT125, Suzuki A100, pamoja na Yamaha AG100 iliyotumiwa sana Afrika Mashariki na mabwana shamba, wahudumu wa afya na watu wa miradi. Shirikisho hilohilo, katika hati yake iitwayo Hati ya Turin, hutanguliza kuhifadhi kuliko kutengeneza upya. Kanuni hiyo inafaa Ifakara kama inavyofaa Ulaya, na mwenye mfuko mdogo ndiye anayefaidika nayo zaidi.

CG125 inastahili maelezo marefu kuliko wenzake. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, kwa hiyo ni rika la reli ya TAZARA inayopita Ifakara. Honda iliiunda kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa nadra. Injini yake haina cheni ya kamshafti. Kamshafti imekaa chini, inazungushwa kwa gia, na valvu zinasukumwa kwa fito ndefu kutoka chini hadi juu. Cheni ya tairi la nyuma imefungiwa ndani ya boksi la bati. Ubunifu huo ulidumu hata viwanda vya China vikauiga, na injini za bodaboda nyingi zinazobeba abiria na magunia ya mpunga leo ni wajukuu wa CG. Ndiyo maana duka lolote la spea lina kabureta, klachi, pistoni na nyaya zinazoingia kwenye Honda ya mwaka 1980, au zinazokaribia kuingia.

Urahisi huo umeharibu kazi nyingi kuliko ulizosaidia. Mtu huanza kwa kubadilisha kabureta iliyohitaji kusafishwa tu, kisha taa, kisha madigadi, na mwishowe hubaki na pikipiki mpya ya Kichina iliyobebeshwa tangi la Honda. Mkaguzi makini huuliza kwanza ni vitu gani havikubadilishwa. Kabureta ya Keihin ya asili iliyosafishwa hadi kwenye tundu za jeti, hata kama mwili wake una madoa, ina thamani kuliko mpya isiyo na jina. Vitu vinavyokwisha kwa kawaida ni suala jingine: breki, beringi, sili za oili, matairi, cheni na kebo hubadilishwa bila majuto.

Ukaguzi mzuri huanza injini ikiwa ya baridi. Mwenye pikipiki aliyeiwasha na kuipasha moto kabla mgeni hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Mkono uwekwe kwenye silinda kabla ya neno lolote kuhusu bei.

Kutoka hapo jicho liende kwenye skrubu, kwa kuwa hakuna kitu kinachoeleza tabia ya fundi upesi kama vichwa vya skrubu zake. Skrubu za nyota za Kijapani hazilingani kabisa na bisibisi ya nyota ya kawaida. Zina kipimo chao, na nyingi zimewekwa kinukta kidogo kichwani kama alama. Bisibisi isiyo yake hupanda juu ikikazwa, ikala pembe za msalaba mpaka unakuwa tundu la mviringo. Vifuniko vya injini vya CG na vya Yamaha vinashikwa na skrubu za namna hiyo. Zikiwa na pembe kali, aliyezifungua alitumia kifaa sahihi, au aliigonga bisibisi kwa nyundo kabla ya kuzungusha, na alikuwa na subira. Zikiwa zimeliwa, au zina alama za patasi ubavuni, mkaguzi ajiandae kukuta mengine ya aina hiyo ndani. Skrubu za zamani zikibadilishwa zote kwa bolti za kichwa cha soketi, kazi inaweza kuwa nzuri, ila haihesabiwi tena kuwa ya asili.

Sehemu za aluminiamu zina hatari yake. Tundu la plagi likikazwa kupita kiasi, uzi wa kichwa cha silinda huondoka. Tundu lililotiwa uzi mpya wa chuma na fundi wa mashine ya kukerezea ni imara na halishushi hadhi. Lililozibwa kwa gundi ya chuma ni la kukataa. Chini ya injini, kwenye bolti ya kumwagia oili, aina ileile ya kosa huonekana kwa urahisi: utepe uliozungushwa kwenye uzi ni dalili kwamba bolti haishiki tena.

Tangi ndilo linalodanganya watu wengi, maana ndilo la kwanza kuonekana na la mwisho kuchunguliwa ndani. Nje, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba ipitishwe taratibu pande zote. Inapoteleza bila kushika, chini ya rangi kuna puti nene, na chini ya puti huenda kuna tundu. Ndani, tochi imulike hadi pembe za chini ambako maji hukaa. Watu wengi hufua tangi kwa siki au maji ya ndimu pamoja na kokoto au cheni kuukuu ya kutikisia. Njia hiyo ni nzuri, ila inadai hatua zinazofuata: kuisafisha asidi kwa maji yaliyotiwa magadi, kukausha upesi juani, kisha kupaka ndani mafuta au kujaza petroli siku hiyohiyo. Aliyeruka hatua ya mwisho hukutwa na vumbi la rangi ya tofali ndani ya tangi lililosifiwa kuwa safi. Ushahidi mwingine uko chini ya kabureta. Bakuli lake likifunguliwa na kukutwa chenga za kutu, tangi bado linatema.

Kuhusu rangi yenyewe, unyevu na vumbi ni maadui wa zamu. Rangi ya kupuliza ikipigwa siku ya mvua hukauka na ukungu mweupe. Ikipigwa kiangazi penye upepo hukamata chembe zinazoonekana kama upele. Afadhali siku tulivu baada ya masika kwisha, umande ukishakauka, uani pakiwa pamemwagiwa maji ili vumbi lilale. Mkaguzi huinama na kutazama rangi kwa ubavu, mwanga ukipita juu yake, kisha hutazama mahali ambapo mvivu hakufika: chini ya tangi, nyuma ya betri, ndani ya madigadi. Rangi iliyorukia mipira, nyaya na sahani ya namba ya chesisi ni alama ya mtu aliyepuliza bila kufungua. Fremu iliyopakwa kwa brashi na mkono uliotulia, juu ya chuma kilichosuguliwa mpaka weupe na kupewa praima, ni kazi ya heshima. Na rangi ya kiwandani iliyofifia, yenye nembo zake za asili, isiguswe. Ikishafunikwa hairudi.

Kromu ni mtihani wa uaminifu. Kuichovya upya ni kazi ya kiwanda, si ya nyumbani, kwa hiyo wengi hupaka rangi ya fedha juu ya ekzosi, rimu na usukani. Baada ya masika moja rangi hiyo huinuka kama magamba. Kromu yenye vidonda iliyosuguliwa kwa karatasi ya aluminiamu na maji, ikafutwa kwa mafuta, huonyesha umri wake bila kuficha, nayo hudumu.

Injini ikishawaka, moshi husomwa kulingana na aina yake. Kwenye CG, XL na nyingine zinazotumia oili ndani ya injini, moshi wa buluu unaotoka unapoongeza mafuta huelekeza kwenye ringi na silinda. Ukitoka pale mkono unapoachia, tuhuma huhamia kwenye miongozo ya valvu. AG100, DT125 na A100 za zamani huchoma oili pamoja na petroli, hivyo moshi kidogo asubuhi si ugonjwa. Zinapotoa moshi mzito mfululizo huku oili ya gia ikipungua bila kuvuja nje, sili ya krenki upande wa klachi imekufa. Kwa CG, mlio wa kugonga kwa wepesi juu ya injini ni wa kawaida, kwa kuwa fito zina nafasi yake. Kimya kamili huko juu kinaweza kumaanisha kwamba valvu zimebanwa mno, jambo linalozichoma polepole. Mlio wa chini, mzito, unaosikika mzigo ukiongezeka, ni wa beringi za krenki au za kono la pistoni, nao humaanisha kufungua kila kitu.

Kipenyo cha silinda ya CG125 kikiwa kipya ni milimita 56.5, na pistoni za kuchongea huongezeka kwa robo ya milimita hadi milimita 1 kamili. Namba ya ukubwa hupigwa juu ya pistoni. Silinda iliyochongwa mara moja ina maisha mbele yake. Iliyofika milimita 1 imefika mwisho, na hilo lisemwe waziwazi wakati wa bei. Aliyeifanya kazi kwa moyo ataweza pia kusema lini alifungua kifuniko cha kulia na kusafisha chujio la oili linalozunguka mle ndani. Wengi hawajui hata kwamba lipo, na tope la miaka hukaa hapo.

Umeme ni somo ambalo watu wa nyumbani hulifeli zaidi. CG za mwanzo zina umeme wa volti 6 na pointi za kuchomea plagi, ambazo mwanya wake ni milimita 0.3 hadi 0.4. Muda wa cheche hupimwa kwa alama ya herufi F iliyo kwenye sumaku ya injini, wakati herufi T inaonyesha pistoni ikiwa juu kabisa. Taa zinazofifia injini ikinguruma polepole ni tabia ya mfumo huo. Kuhamia volti 12 na CDI ya Kichina, yaani kiwasho cha kielektroniki kisicho na pointi, kunakubalika kwa pikipiki ya kutembelea kila siku, mradi viungo viwe vya klipu, fyuzi iwepo, na vifaa vya asili vihifadhiwe kwenye boksi. Kuna kipimo kimoja chepesi kisichodanganya: kwenye Honda, waya wa kijani ni wa ardhi daima. Ukikutwa umebeba moto, aliyeunganisha alikuwa anabahatisha, na waya zote zichunguzwe upya.

Magurudumu hupimwa kwa sikio. Kila spoki igongwe kwa spana ndogo. Zilizokazwa vizuri hulia kwa sauti inayokaribiana, na iliyolegea hutoa mlio uliokufa. Rimu ikizungushwa, mpindo usizidi milimita 2. Habu za breki zifunguliwe, nyuso za ndani ziwe laini. Breki za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, kwa hiyo unga wake haupulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Boksi la cheni ni dalili kubwa. Mafundi wengi hulitupa ili kurahisisha kazi, na CG iliyobaki nalo, limenyooshwa na mipira yake ya kuchungulia ipo, imepata mtu aliyeelewa kwa nini liliwekwa. Kwa vumbi la barabara za bondeni, hakuna kitu kinachorefusha maisha ya cheni na sproketi kama hilo.

Anayefufua nyumbani ana kitu ambacho gereji ya haraka haina: muda. Unaonekana kwenye daftari la vipimo, picha za simu zilizopigwa kabla ya kila kitu kufunguliwa, na mikebe yenye vipande vya asili vilivyotolewa. Mwenye vitu hivyo aaminiwe kuliko mwenye maneno mengi.

Jaribio la barabarani lisifanyike kwenye lami pekee. Kilomita chache za barabara ya mashimo, kisha kusimama na kuzima, kisha kuwasha tena injini ikiwa moto. Usukani ukivuta upande mmoja, fremu au uma wa mbele umepinda. Shokapu zikigonga chini, oili yake imekwisha. Baada ya hapo pikipiki iegeshwe juu ya karatasi safi kwa saa nzima, na matone yahesabiwe, kila tone na mahali lilipotoka.

Mwisho ni kadi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini zilingane na zilizo kwenye kadi ya usajili, bila dalili ya grenda wala kuchomelea kandokando yake. Pikipiki nyingi za zamani zimepita minada na mikono mingi, na injini hubadilishwa njiani. Injini iliyobadilishwa kihalali huandikishwa kwa mamlaka ya mapato, TRA. Mashine isiyo na kadi, hata ikiwa imefufuliwa kwa ustadi, hulipiwa bei ya spea.