641: Namna Euler alivyoivunja namba ya Fermat

Namba 4,294,967,297 ina tarakimu kumi tu, lakini kwa miaka zaidi ya 90 ilipita kama namba tasa. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliziangalia ndugu zake wadogo: 3, 5, 17, 257 na 65,537, zinazopatikana kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16. Zote ni tasa. Akaamini mfululizo utaendelea hivyo daima, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho.

Mwanahisabati Christian Goldbach alimdokezea mwenzake Leonhard Euler madai hayo kwa barua mwaka 1729. Mwaka 1732, huko St Petersburg, Euler akayamaliza: igawanye kwa 641, utapata 6,700,417, hakuna baki.

Alifikaje kwenye 641? Kujaribu kila namba tasa hadi ile ambayo kipeo chake cha pili kinazidi namba yenyewe kungemlazimu kupima namba tasa 6,542. Maelezo aliyoyatoa baadaye yanaonyesha kazi ilikuwa fupi mno. Tuseme kigawo tasa p kipo. Basi 2 kwa kipeo cha 32 ikigawanywa kwa p inabakiza upungufu wa 1, na kwa kipeo cha 64 inabakiza 1 kamili. Mabaki ya vipeo vya 2 huzunguka kama mshale wa saa, na hapa mzunguko mmoja una hatua 64, si pungufu. Kanuni ya Fermat mwenyewe inasema urefu wa mzunguko huo lazima uigawe p − 1 bila baki. Kwa hiyo p ni kigawe cha 64, jumlisha 1.

Ondoa zisizo tasa kama 65, 129 na 321. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano, kwisha kazi.

Anayetaka kuhakiki bila hata kugawanya atazame 641 yenyewe. Ni 625 + 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4 jumlisha 2 kwa kipeo cha 4. Zidisha pande zote kwa 2 kwa kipeo cha 28: upande mmoja ni kigawe cha 641, upande wa pili ni 640 kwa kipeo cha 4 jumlisha 2 kwa kipeo cha 32. Sasa toa 640 kwa kipeo cha 4 kasoro 1, ambayo nayo inagawanyika kwa 641, kwa kuwa 640 kwa kipeo cha pili kasoro 1 ni 639 × 641. Kinachobaki ni namba yetu hasa. Ni uthibitisho mzuri, ila haumsaidii mtu ambaye bado hajaijua 641; ule mchujo wa 64 ndio uliofanya kazi.

Na mchujo wa aina hiyo Fermat alikuwa nao mkononi. Mwaka huohuo wa 1640 alikuwa ameonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 37, toa 1, yaani 137,438,953,471, inagawanyika kwa 223, baada ya kubaini kwamba vigawo vyake tasa lazima viwe vigawe vya 74, jumlisha 1. Hapo namba tasa ya kwanza ni 149, ya pili 223. Namba hiyo ni kubwa mara 32 kuliko ile aliyoiacha ipite.