Jembe liende makumbusho, sawa. Na udongo je?

Juni 2015, kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika kule Johannesburg, ilizinduliwa kampeni ya kulipeleka jembe la mkono makumbusho. Hapa kwetu Kilimo Kwanza ya 2009 ilishatangulia kusukuma matrekta na pawatila. Lengo ni zuri: kuinama shambani toka alfajiri si urithi wa kumwachia mtoto. Lakini kauli mbiu hii ina tundu. Inaongelea chombo tu, haisemi chombo hicho kinaufanya nini udongo.

Hebu tuipime kwa mashamba ya Shinyanga na Geita. Wasukuma hawasemi "udongo" wakaishia hapo. Juu kwenye mteremko kuna luseni, mchanga mwepesi. Bondeni kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Trekta ni lile lile, matokeo ni mawili.

Luseni ukiitifua kupita kiasi, mabonge madogo yanasagika. Mvua ikipiga, uso unaganda kama utando, maji yanakimbia badala ya kuzama na mbegu inahangaika kutoka. Plau ikipita kina kile kile kila mwaka, chini yake hujengeka tabaka gumu. Mchanga ukishindiliwa hadi kukaribia gramu 1.8 kwa sentimita moja ya ujazo, mizizi ya mazao mengi hukwama. Ndiyo maana mahindi yanaweza kunyauka huku unyevu upo chini, hatua chache tu yasikofika.

Mbuga kesi yake ni siku ya kulima. Ingia na mashine nzito ikiwa mbichi, unaifinyanga. Subiri ikauke kabisa, inatoka mabonge kama tofali.

Sasa nenda kwenye majaluba ya mpunga. Huko mkulima anavuruga tope kwa makusudi, na tabaka gumu ndilo linalomshikia maji. Yaani kitu kile kile ni adui wa mahindi na rafiki wa mpunga! Ukisikia mtu anasifia "udongo bora" bila kutaja zao, muulize: bora kwa nani?

Miwa ya Kilombero na Kagera inaongeza somo jingine. Muwa hupandwa mara moja, ukakatwa na kuchipua tena misimu kadhaa. Unaweza kulima kwa kina siku ya kupanda, halafu tela zilizojaa miwa zikapita shambani kukiwa na unyevu na kurudisha ugumu wote. Hapo dawa si kulima zaidi, ni kuyapangia magurudumu njia moja ya kudumu.

Je, basi tusilime kabisa, kama wanavyohubiri baadhi ya watetezi wa kilimo hifadhi? Nao wana tundu lao. Mfumo huo unategemea matandazo, na Usukumani mabua baada ya mavuno ni chakula cha ng'ombe. Kuacha kulima huku ardhi iko uchi kunaweza kukuachia uso mgumu na magugu tele. Na vijana wakiwa machimboni Geita, nani atapalilia?

Kinachonisumbua zaidi ni malipo. Mwenye trekta la kukodi kwa kawaida hulipwa kwa ekari. Akikimbia na kukwaruza juu juu, yeye anapata faida, na hasara ya mvua kukatika inabaki kwako.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa, chimba shimo la sentimita 40 shambani siku chache baada ya mvua. Choma ukuta wake kwa kisu kuanzia juu kwenda chini, uone kinapogoma. Angalia kama mizizi imekunja kona na kutambaa pembeni. Ukikuta tabaka gumu na unataka mahindi au pamba, mwambie apasue mistari ya kupandia kupita kina hicho, udongo ukiwa mkavu. Ukitaka mpunga, liache.