Saa ya Senna na Somo Lake

Wanachuo wangu wa ualimu walizoea swali moja kila nilipoketi nyuma ya darasa kuwasikiliza wakifundisha: kipindi kikiisha, mtoto huyu atakuwa amejua nini ambacho hakukijua kengele ilipolia? Swali hilo halibagui kati ya hesabu na historia. Naona linafaa pia kwa sanamu, kwa mnara, kwa khanga ya kumbukumbu, na kwa kila kitu kinachodai kutukumbusha mtu. Ukumbusho ni somo. Nao, kama somo lolote, unaweza kupambwa ukapendeza na bado usifundishe kitu.

Kwa swali hilo nataka kuzipima saa za mkono ambazo kampuni ya TAG Heuer ya Uswisi imekuwa ikizitoa kwa kumkumbuka Ayrton Senna, Mbrazili aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula 1, zile ambazo magazeti yetu huziita langalanga, katika miaka ya 1988, 1990 na 1991. Zimetoka kwa namna nyingi, na nyingine hutengenezwa chache makusudi ili ziwe adimu. Mojawapo ya zile za mwaka 2024, miaka 30 baada ya kifo chake, ilitengenezwa kwa idadi ya 500 tu kwa ulimwengu mzima.

Haki itendeke kwanza. Uhusiano wa kampuni hiyo na marehemu haukubuniwa na wauzaji baada ya mazishi. Kundi la TAG lililoinunua Heuer mwaka 1985 lilikuwa pia na hisa katika timu ya McLaren, na ubingwa wote watatu wa Senna aliupata akiendesha magari ya timu hiyo. Alizivaa saa zao akiwa hai. Mwenye duka asiyewahi kumjua mtu akaweka picha yake ukutani ni mlaghai, hawa walimjua.

Ufundi nao hauna la kulaumiwa. Pembezoni mwa uso wa saa hizi huwa kuna duara la tarakimu liitwalo takimita. Unabonyeza kitufe gari likipita jiwe la kilometa, unabonyeza tena likifika jiwe linalofuata, na mshale wa sekunde unakuonyesha mwendo wako: sekunde 60 ni kilometa 60 kwa saa, sekunde 30 ni kilometa 120. Ni hesabu ya kugawanya 3,600 kwa sekunde ulizotumia, imekaa kimya katikati ya mapambo. Mwalimu wa hesabu hawezi kukichukia chombo cha namna hiyo.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Tuseme mtu ameivaa saa hii miaka kumi, akiitazama mara hamsini kwa siku. Atakuwa amejua nini juu ya Senna? Ataliona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, na ile herufi S ambayo ni alama yake. Katika matoleo mengine ataziona rangi za kofia yake, manjano, kijani na buluu. Naye atakumbushwa kwamba mtu huyu alikwenda mbio. Lakini hayo yote aliyajua kabla hajafungua pochi. Kipindi kimekwisha, na mwanafunzi yuko palepale alipokuwa.

Kipo kisa ambacho takimita haiwezi kukipima. Mwezi Agosti 1992, katika mazoezi ya Spa, Ubelgiji, dereva Mfaransa Érik Comas aligonga, akazimia ndani ya gari lake katikati ya njia, injini ikiwa bado inanguruma. Senna alifika nyuma yake, akalisimamisha gari lake, akashuka na kukimbia kwa miguu huku magari mengine yakiendelea kupita. Aliizima injini ile isije ikawasha moto, akakishika kichwa cha mwenzake mpaka madaktari walipofika. Kwa saa ya kupimia mbio, dakika hizo zilikuwa hasara tupu. Kwa mtu anayetafuta sababu ya kumheshimu Senna, sijui kama zipo nyingine zenye thamani kuzishinda.

Na kuna Imola, Italia, mwaka 1994. Jumamosi ya tarehe 30 Aprili alikufa Roland Ratzenberger wa Austria, mwenye umri wa miaka 33, mgeni katika mashindano hayo, ambaye hakuwahi kupata hata pointi moja. Jumapili, tarehe 1 Mei, akafa Senna, mwenye miaka 34, kwenye kona ya Tamburello. Inaelezwa kuwa ndani ya gari lake ilikutwa bendera ya Austria, aliyokusudia kuipeperusha kwa heshima ya mwenzake. Basi hata saa ya mwisho ya uhai wake bingwa alikuwa akimkumbuka mtu asiye bingwa. Saa inayomkumbuka bingwa huyo haina nafasi kwa Ratzenberger.

Ukumbusho uliofundisha kweli upo, ila hauvaliwi mkononi. Mwaka huohuo madereva walikiunda upya chama chao ili wapiganie usalama. Kona ya Tamburello ilibadilishwa, na kufikia mashindano ya 1995 haikupitika tena kwa kasi ile ya kuua. Mwaka 2003 kifaa cha kuilinda shingo kikawa cha lazima, na mwaka 2018 ukafuata upinde wa chuma juu ya kichwa cha dereva. Romain Grosjean alipopasua ukuta wa chuma huko Bahrain mwaka 2020, gari likakatika vipande viwili na kuwaka moto, alitoka kwa miguu yake. Sisemi kwamba yote hayo yalitokana na kifo kimoja. Lakini mlango wake ulifunguliwa Imola.

Upo na ukumbusho mwingine unaonigusa kwa sababu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mwaka 1994 dada yake, Viviane Senna, alianzisha taasisi yenye jina la ndugu yake kwa ajili ya elimu ya watoto wa Brazil. Taasisi hiyo hunufaika pia na malipo ya haki ya kulitumia jina la Senna katika biashara. Hapo lazima nimpunguzie mnunuzi wa saa ukali wangu: huenda fedha yake, bila yeye kujua, imemnunulia mtoto daftari. Lakini basi sifa ni ya daftari.

Hukumu yangu ni kwamba hii ni saa njema na ni ukumbusho dhaifu. Inamsifu mtu kwa mbio zake na kunyamaza juu ya siku aliyosimama. Wala tiba haihitaji dhahabu zaidi. Nyuma ya saa, upande unaogusa ngozi, panatosha kuandika maneno mawili, Spa 1992, na chini yake jina la Ratzenberger. Mvaaji angelazimika kuuliza maana yake, na hapo ndipo somo lingeanza.