Nani Atasema "Mimi"? Uchawi katika Maandishi Yetu na katika Maisha ya Tarime na Serengeti

Tangu mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, waandishi wetu wamefanya kazi kubwa ya kukusanya mali iliyokuwa imetawanyika. Ngoma zimeandikwa, methali zimekusanywa, hadithi za kale zimetiwa vitabuni, na nyimbo za jando na za harusi zimehifadhiwa. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo kila mkusanyaji hulikuta kijijini na ambalo ni wachache walioliandika kwa haki, nalo ni uchawi. Wengi wetu huuandika kwa namna mbili: ama kama ujinga unaopaswa kufutwa, ama kama kisa cha kutisha cha kuwavuta wasomaji. Namna zote mbili zina kasoro iliyo moja. Mchawi katika maandishi yetu ni "yule". Ni nadra sana kuwa "mimi".

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kasoro hiyo inavuka mipaka ya fani. Lugha inayomweka mchawi siku zote katika nafsi ya tatu ndiyo lugha inayomwezesha mtu kumtoa jirani yake katika kundi la watu. Nitaieleza hoja hiyo kwa kuangalia kwanza maneno, kisha vitabu viwili, halafu sheria, na mwisho jambo lililonipata mimi mwenyewe nilipokuwa karani. Mifano yangu ya maisha ni ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako nimeishi na kufanya kazi sehemu kubwa ya umri wangu.

Tuanze na maneno. Wakurya humwita mlozi omorogi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, maana shina la neno hilo ndilo lililomo katika kuroga. Lakini Mkurya hamchanganyi omorogi na omogabo, yaani mganga apigaye ramli na kutibu. Wala hawachanganyi hao wawili na inchama, baraza la siri la wazee wanaoaminiwa kuulinda ukoo kwa mila na matambiko. Wa kwanza huogopwa na kuchukiwa. Wa pili huogopwa na kuendewa. Hao wa tatu huogopwa na kutiiwa. Upande wa Serengeti, Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu ambazo mapokeo yao yasema zilitoka kwa mtabiri wa Kitatoga, nazo huheshimiwa kama kinga ya nchi yao. Mtu aziitaye pembe hizo vifaa vya uchawi atakuwa amewatukana wenyewe, na tena atakuwa amekosea maana.

Hata hivyo ndivyo sisi waandishi na maofisa tufanyavyo. Tumelichukua neno uchawi, au lile jingine tulipendalo katika hotuba, ushirikina, tukalifanya gunia la kutilia kila kitu: mlozi, mganga, mzee wa mila, mpiga ramli, dawa ya tumbo na laana ya mzazi. Hasara ya kwanza ni ya elimu, kwa maana tofauti ambazo wazee wetu walizitaabikia zinapotea. Hasara ya pili ni ya watu. Gunia likiisha kufungwa, wenye nguvu hupata njia ya kutoka. Mzee wa mila ana ukoo nyuma yake. Mganga ana wateja wa kumtetea. Abakiaye ndani ni kikongwe mjane, asiye na mtoto wa kiume wa kusimama mkutanoni na kusema kwa niaba yake.

Wala wananchi wenyewe hawana usafi katika jambo hili. Tarime imesifika kwa muda mrefu, kwa bahati mbaya, kwa wizi wa mifugo, na inafahamika kwamba vijana waendao katika wizi huo hutafutiwa dawa ya kuwakinga na mshale na risasi. Sijapata kusikia mzazi akiita dawa hiyo uchawi. Lakini ng'ombe akifa ghafla zizini, uchawi hutafutwa kabla ya daktari wa mifugo. Dawa ni dawa ikiwa mkononi mwetu, na ni uchawi ikiwa mkononi mwa jirani.

Sasa tuvitazame vitabu. Mwaka 1977 Tanzania Publishing House ilichapisha riwaya ya C. G. Mung'ong'o, Mirathi ya Hatari. Kiini chake ni kijana wa shule anayerithishwa uchawi na baba yake. Nilikisoma kitabu hicho mwaka 1987 nikiwa shule ya sekondari, tukikipokezana bwenini hadi jalada likang'oka. Wenzangu walikipenda kwa sababu ya vitisho vyake. Mimi nilitishwa na jambo jingine: kwamba mchawi hapa hakutoka porini usiku. Alikuwa mwanafunzi kama mimi, mwenye vitabu, mwenye kumpenda baba yake, na urithi ukamwangukia bila ya kuuomba. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya Mung'ong'o. Amemwingiza msomaji ndani ya nafsi ya mwenye kushiriki, akamfanya aulize, "Ningekuwa mimi ningefanyaje?"

Pamoja na sifa hiyo, kuna upungufu ambao mhakiki hana budi kuutaja. Aliyepewa nafsi humo ni kijana mwanamume, tena msomi. Katika maisha yetu, wanaolipia neno hili kwa roho zao zaidi ni wengine. Kamati iliyoongozwa na Gertrude Mongella mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipata kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu za imani za uchawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Riwaya yetu bado haijampa kikongwe mtuhumiwa nafasi ya kusimulia habari zake mwenyewe kwa kinywa chake, kwa kiasi kinacholingana na hesabu hiyo.

Kitabu cha pili ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Wengi huisoma kama tamthilia ya Vita vya Maji Maji na ukombozi, nao hawakosei. Lakini ni tamthilia ya imani pia. Hussein anatuonyesha mtu aliyetamka neno kuhusu maji, kisha neno hilo likakua, likamzidi mtamkaji, wala asiweze tena kulirudisha. Hii ni elimu kubwa kwa kila anayeandika juu ya uchawi. Hatuhitaji kubishana kama maji yale yalikuwa na nguvu. Neno ndilo lililokuwa na nguvu, na nguvu hiyo ilionekana kwa macho. Ninachokisikitikia ni kwamba somo hilo tumeliacha katika vita vya mwaka 1905, hatukulileta katika mkutano wa kijiji.

Na sheria je? Nchi yetu ina Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, na ingali kitabuni. Kwa sheria hiyo, ni kosa mtu kujidai ana nguvu za uchawi, na ni kosa kumiliki vifaa vyake. Tena inampa Mkuu wa Wilaya uwezo, baada ya uchunguzi, kumwamuru mtu anayeshukiwa akakae mahali fulani. Kwa upande mwingine iko Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayomtambua mganga na kumtaka ajiandikishe. Mwezi Januari 2009, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuzifuta leseni za waganga, na tangu hapo viongozi wamezoea kulaani ramli chonganishi. Siilaumu Serikali kwa kuyalinda maisha ya watu; huo ni wajibu wake. Nasema tu kwamba katika sheria ile ya 1928 kusema "mimi ni mchawi" ni kosa la jinai. Basi tusishangae kwamba hakuna asemaye, na kwamba kila ushahidi tulio nao juu ya uchawi umetolewa na mtu mwingine.

Kwa kuwa nimewadai wengine nafsi ya kwanza, ni haki nami niitoe yangu.

Mwaka 1996 nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na nafasi ya kupandishwa cheo, nasi tulioitazamia tulikuwa wawili. Siku ya mnada nilimwendea mganga aliyetoka mbali, na umbali wake ndio uliokuwa cheti chake. Nilimlipa karibu nusu ya mshahara wangu. Alinipa kijiti kilichozungushiwa uzi mweusi, nikiweke katika mtoto wa meza yangu. Kisha akaniuliza jina la mwenzangu. Nilisita kidogo, nikalitaja.

Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya uganga na ulozi, nami niliuvuka nikiwa nimevaa shati jeupe na kalamu mfukoni. Mwenzangu hakudhurika. Lakini kwa miezi miwili kila alipokohoa ofisini mikono yangu ilikuwa baridi. Nilimsalimu kwa furaha iliyozidi kiasi. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukosa nguvu yoyote ya kuroga na bado akawa na nia yake, hofu yake na usiku wake. Mwisho wa yote cheo alipewa mtu wa tatu, ambaye hatukuwa tumemfikiria. Kijiti nilikitupa mtoni.

Katika miezi hiyohiyo nilitumwa kuandika muhtasari wa mkutano wa kijiji kimoja. Watoto wawili walikuwa wamefariki katika nyumba moja, na mpiga ramli alikuwa amekwisha kumwelekea mama mmoja mjane. Mkutano uliomba aondolewe kijijini. Katika nakala ya kwanza niliandika "mama anayetuhumiwa kuwa mchawi". Nilipoinakili kwa usafi, karatasi ilikuwa inakaribia kwisha, nami nilikuwa nimechoka. Nikaandika "mchawi" na jina lake. Maneno matatu nikayaacha.

Mama huyo alinifuata nje. Nilimwamkia, akaitikia. Hakujua kusoma. Akaniuliza, "Mwanangu, umeniandikaje?"

Nikaifungua karatasi mbele yake, nikamsomea: "Mama anayetuhumiwa." Akaniuliza kutuhumiwa ni nini. Nikamweleza kwa Kikurya kwamba ni kusemwa na watu. Akatikisa kichwa akasema, "Hilo ni kweli. Nasemwa." Akaniombea njia njema.

Mama yule aliondoka kabla jibu la barua halijaja, akaenda kwa nduguye. Lakini nakala ya muhtasari wangu ilikuwa imemtangulia, na huko alipokewa kwa lile neno nililoandika, siyo lile nililomsomea. Hakuna aliyemgusa kwa panga, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Aliishi miaka michache pembezoni mwa watu, akafa. Mkutanoni siku ile walikuwako watu wawili waliopaswa kuulizwa habari za uchawi. Mmoja hakuwa na kitu chochote, naye alifukuzwa. Mwingine alikuwa na kijiti katika mtoto wa meza, naye ndiye aliyeandika muhtasari.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya zamani na yanakwisha kwa elimu. Nami naipenda elimu, ila hoja hiyo inanipa shaka. Mganga wa leo hangoji siku ya mnada. Namba yake ya simu imebandikwa katika nguzo za umeme, na ahadi zake ni za cheo, biashara na mapenzi, yaani haja za watu wa mjini na wenye mishahara. Mtu mwenye cheti anaweza kumtajia jina la mwenzake kwa simu bila ya kuinuka kitini. Elimu ya darasani imetupa njia mpya za kutafuta kinga, haijatuondolea hofu ya kushindwa na mwenzetu.

Kwa hiyo nadhani kazi ya waandishi wetu iko wazi. Kwanza, watumie maneno kwa vipimo vyake: mlozi ni mlozi, mganga ni mganga, mzee wa mila ni mzee wa mila, na mtuhumiwa ni mtuhumiwa hata karatasi ikiwa inakwisha. Pili, waendeleze pale alipofikia Mung'ong'o mwaka 1977, wampe nafsi ya kwanza kikongwe, na mpiga ramli, na karani. Kufanya hivyo siko kuusifu uchawi. Anayesema "mimi nilitaja jina" hawezi tena kwa urahisi kumnyooshea mwingine kidole, na utamaduni wa taifa utafaidika zaidi kwa ungamo moja la kweli kuliko kwa vitisho vya vitabu kumi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimeuficha wangu karibu miaka thelathini. Sasa nimeuandika, na maneno yale matatu nimeyarudisha mahali pake: mama anayetuhumiwa kuwa mchawi. Mwenye habari kama hizi naye aandike.