Kanuni Ilipima Risasi, Ikaiacha Gesi

Wengi wanaoandaa bastola kwa ajili ya mashindano huanzia kwenye vifaa. Hununua triga nyepesi, springi mpya, mtutu wa fundi fulani na kompenseta ya kufunga mdomoni mwa mtutu. Risasi huja mwisho, na mara nyingi ni zile zilizopo dukani siku hiyo. Mpangilio huo umepinduka. Kisa kinachoonyesha hivyo kuliko vyote ni cha .38 Super, risasi ya zamani ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifufuliwa na walenga shabaha wawili wa Arizona, Rob Leatham na Brian Enos, na ikabadilisha umbo la bastola ya mashindano hadi leo.

Tuanze na kanuni, maana yote yalitokana nayo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, liliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Haukuwa mchezo wa Wamarekani peke yao: mashindano ya dunia ya 1977 yalifanyika Salisbury, Harare ya leo, na yale ya 1979 yakafanyika Afrika Kusini. Cooper aliipenda risasi ya .45 na hakutaka mchezo utekwe na risasi dhaifu zisizopiga teke. Badala ya kuzikataa risasi ndogo, waandishi wa kanuni waliweka kipimo cha nguvu. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, unauzidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha unagawanya kwa 1,000. Kiwango cha nguvu kubwa kilikuwa 175, na cha nguvu ndogo ni 125.

Tofauti ya viwango hivyo viwili huonekana kwenye alama. Eneo la katikati, A, humpa kila mtu alama 5. Eneo C humpa mwenye nguvu kubwa 4, mwenye nguvu ndogo 3. Eneo D ni 2 kwa 1. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde alizotumia mlengaji. Chukua kituo cha mapigo 24 kinachomalizwa kwa sekunde 20, huku mapigo manne yakiangukia C. Mwenye nguvu kubwa ana alama 116, yaani 5.8 kwa sekunde. Mwenye nguvu ndogo ana 112, yaani 5.6. Ili amfikie mwenzake, huyu wa pili lazima amalize kwa sekunde 19.3, na katika mchezo huu sehemu saba za kumi za sekunde ni pengo kubwa mno. Ndiyo maana karibu kila mtu alibeba .45. Kichwa cha greni 200 kikienda futi 875 kwa sekunde kinafika 175 barabara, na bastola ya M1911 ya John Browning ilitengenezwa kwa ajili ya risasi hiyo tangu mwanzo.

Sasa tazama kipimo chenyewe. Uzito mara mwendo ni kani-mwendo, kile wanafizikia wanachokiita momentamu ya kitu kinachosafiri. Kwa hiyo kichwa cha greni 125 kinachokwenda futi 1,400 kwa sekunde hubeba kani-mwendo ileile ya greni 200 kwa futi 875. Mbele ya mwamuzi ni sawa kabisa. Ila ili kichwa chepesi kifikishwe mwendo ule, baruti inayohitajika ni nyingi zaidi, mara nyingi karibu maradufu, na huwa ya aina inayoungua taratibu. Matokeo yake ni gesi nyingi, ikiwa bado na shinikizo kubwa wakati kichwa kinatoka mdomoni mwa mtutu. Kanuni ilipima kilichofika kwenye shabaha. Gesi haikuihusu.

Hapo ndipo thamani ya .38 Super ilipojificha. Kampuni ya Colt iliileta sokoni mwaka 1929, na iliingia katika umbo lilelile la M1911. Kikomo cha shinikizo lake ni psi 36,500, wakati .45 ACP huishia 21,000. Ukiipiga katika bastola ya kawaida, gesi hiyo huongeza teke na mshindo tu. Ukifunga kompenseta, hali inageuka. Kichwa kikishapita kwenye tundu la mbele, gesi inayokifuata hugonga ukuta wa kompenseta na kuivuta bastola mbele, kisha hutoka kwa matundu ya juu na kuusukuma mdomo wa mtutu chini. Kwenye .45 kompenseta hupata gesi kidogo ya kufanyia kazi. Kwenye .38 Super yenye baruti nyingi inapata ya kutosha, na mdomo wa mtutu hubaki karibu palepale, tayari kwa pigo la pili. Juu ya hayo, magazini ya .45 ilichukua risasi saba, ya .38 Super ikachukua tisa.

Kompenseta bila risasi hiyo ni uzito uliofungwa mdomoni, na risasi hiyo bila kompenseta ni kelele. Leatham alishinda mashindano ya dunia ya 1983, 1986 na 1988. Kipaji chake kilikuwa kikubwa, sina nia ya kukipunguza. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba yeye na Enos waliisoma kanuni wakaona isichokipima, wakachagua risasi kwanza, kisha wakaijengea bastola.

Kazi ya kuijenga haikuwa rahisi, na kila tatizo lilirudi kwenye risasi. La kwanza lilikuwa usahihi. Ganda la .38 Super lina ukingo mdogo kitakoni, na mitutu ya zamani ilililaza ganda kwa kuegemeza ukingo huo. Ukingo haukuwa na vipimo vya kuaminika, hivyo risasi ilikaa hivi leo na vile kesho, na sifa ya .38 Super kutolenga vizuri ikaenea. Mafundi wa mitutu, Bar-Sto wakiwa mstari wa mbele, walichonga chemba ambayo ganda huegemea kwa mdomo wake wa mbele. Risasi ileile ikawa sahihi.

La pili lilikuwa la hatari. Chemba ya M1911 imekatwa upande wa chini ili risasi iteleze kutoka kwenye magazini, na sehemu ndogo ya ganda karibu na kitako hubaki bila ukuta wa chuma. Kwa shinikizo la .45 si tatizo. Kwa risasi za .38 Super zilizosukumwa hadi 175, maganda yalipasuka hapo hapo, na gesi ikamrudia mlengaji. Dawa ilikuwa mtutu wenye mteremko wake wenyewe, unaolifunika ganda karibu lote, na fremu ichongwe upya kuupokea. Hicho ni kifaa kilichozaliwa na uchaguzi wa risasi, na mtu asijaribu risasi za namna hiyo kwenye mtutu wa zamani kwa sababu tu zinaingia.

Hata kichwa cha risasi kina neno katika kompenseta. Wengi mwanzoni walipiga vichwa vizito vya madini ya risasi visivyo na koti, karibu greni 160. Kadiri kompenseta zilivyoboreshwa, walishuka hadi 125 na 115, kwa sababu wepesi ule uliwalipa gesi. Vichwa vya kawaida vya koti la shaba huwa wazi kitakoni. Gesi ya moto huramba madini ya risasi yaliyo wazi na kuyagandisha kwenye kuta za kompenseta, hadi matundu yanapungua upana. Kichwa chenye shimo puani huwa kimezibwa kitako, kwa sababu koti lake huvikwa kutoka nyuma. Walenga shabaha huchagua umbo hilo kwa ajili ya kile kitako, wala karatasi ya shabaha haijali shimo la puani.

Springi ya slaidi nayo hufuata risasi. Springi ya kiwandani ya M1911 ya .45 ni ya paundi 16. Bastola nyingi za kundi la wazi, linaloruhusu kompenseta, hutumia springi chini ya paundi 10, kwa sababu springi nzito huirudisha slaidi kwa nguvu hadi mdomo wa mtutu unainama wakati jicho linatafuta shabaha ya pili. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, slaidi huigonga fremu na kuichosha. Na kwenye triga, anayelegeza springi ya nyundo apate mvuto mwepesi atagundua kwamba viwashio vya chapa fulani havilipuki, maana vinahitaji pigo zito. Nyundo isiposhika sawasawa, bastola inaweza kufyatua yenyewe slaidi inapofunga. Kazi hiyo ni ya fundi anayeijua, akijaribu kwa risasi zilezile zitakazopigwa uwanjani.

Uwanjani kuna kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi. Waamuzi huchukua risasi za mshindani, hupima uzito wa kichwa na mwendo wake kutoka kwenye bastola yake mwenyewe. Akitangaza nguvu kubwa na asiifikie, alama zake zote huhesabiwa kwa nguvu ndogo. Akishuka chini ya 125, anapiga bila alama. Kwa hiyo vipimo vya nyumbani vifanywe kwa mtutu uleule, na ziada kidogo iachwe, kwani mwendo wa baruti hubadilika kati ya asubuhi ya baridi na jua la saa nane mchana.

Baadaye kiwango cha nguvu kubwa katika kundi la bastola za wazi la IPSC kilishushwa hadi 160. Greni 125 sasa zinahitaji futi 1,280 badala ya 1,400, na kwa mwendo huo hata ganda fupi la 9mm linaingia mchezoni, ingawa risasi za namna hii huvuka kikomo cha psi 35,000 cha kiwandani na hazina nafasi katika bastola ya kawaida. Ganda la .38 Super lina urefu wa milimita 22.9, la 9mm 19.2, na nafasi ile ya ziada bado huifanya .38 Super ivumilie zaidi. Lakini maganda hupotea nyasini kila mashindano, ya 9mm ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu, na kwa hesabu hiyo wengi wamehamia huko, mtutu na magazini vikibadilishwa kuifuata risasi mpya.